Uzi: Nipeli za breki zilizoganda, namna ya kuzifungua bila kuzikata

FundiPwani:
Wakuu, salamu kwenu nyote. Kuna kalipa (kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski ya breki) nyingi nzima zinatupwa kwa sababu ya kipande kidogo kuliko kidole. Nipeli ya kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, ikikatikia ndani, mwenye gari anaambiwa akanunue kalipa nyingine. Asipokuwa na hela, anaachiwa breki yenye mafuta yaleyale ya miaka mingi. Mara nyingi nipeli hiyo haikuwa na sababu ya kukatika, ila ilivutwa kabla haijawa tayari kutoka.

Tuanze na chenyewe kilivyo. Nipeli ni skrubu yenye tundu katikati. Ncha yake ya chini ni koni, na koni hiyo inakaa kwenye kiti chake ndani ya kalipa na kuzuia mafuta ya breki. Juu kidogo ya koni kuna kitundu cha pembeni kinachokutana na lile tundu la katikati. Ukilegeza kidogo, koni inanyanyuka, mafuta yanapita kwenye kitundu cha pembeni, yanapanda katikati na kutokea juu. Kwa hiyo spana yako imeshika bomba jembamba, haijashika boliti. Bomba hilo lina sehemu mbili dhaifu: shingoni, chini ya kichwa, na pale penye kitundu cha pembeni. Inapokatika, hukatika hapo.

Kuganda nako kuna njia zake. Kofia ya mpira ya juu ikipotea, maji na vumbi huingia kwenye tundu, yanashuka mpaka kwenye meno, kutu inajaa pande zote mbili, ndani na nje. Kalipa za aluminiamu zina tatizo la ziada, maana nipeli ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu penye unyevu na chumvi, metali hizo mbili hulana na kuacha unga mweupe uliokaza kama saruji. Halafu kuna mikono ya mafundi. Vitabu vya watengenezaji kwa magari mengi madogo vinataka nipeli ikazwe kama Nm 7 hadi 12 tu (Nm, nyutoni mita, ni kipimo cha nguvu ya kukazia). Nati ya tairi ya Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Anayekaza nipeli kwa mkono uleule aliokazia tairi, anamwachia fundi mwenzake msiba.

Sisi wa Tanga, Dar, Zanzibar na Mombasa tunalo hili zaidi kwa sababu ya upepo wa chumvi. Na gari nyingine zimefika bandarini tayari zimeliwa, hasa zilizotembea Hokkaido na mikoa ya theluji ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi. Ukiinama chini ya gari ukaona kutu nene kwenye mikono ya suspensheni, ujue na nipeli ziko hivyohivyo.

Msimamo wangu ni mmoja: kuzungusha ni hatua ya mwisho. Kabla yake kutu iwe imeshavunjwa. Kutu haivunjwi kwa kupinda, inavunjwa kwa kulowana, kugongwa na joto kidogo. Naendelea chini, nitaweka namna ninavyofanya.

FundiPwani:
Naendelea.

Gari liwe juu ya stendi, tairi imetoka, matairi mengine yamewekewa magogo. Chukua brashi ya waya usugue kichwa cha nipeli na pale meno yanapoingilia, mpaka uone chuma. Kutu iliyobaki kichwani ndiyo inayofanya spana isikae vizuri na kuteleza. Toa na uchafu uliojaa kwenye tundu la katikati kwa waya mwembamba au sindano nene, maana njia hiyo tunaihitaji.

Sasa oili ya kupenya. Wengi wanapulizia juu, wanasubiri dakika mbili, wanavuta. Oili hiyo imelowesha meno mawili matatu ya juu tu. Mimi naweka juu, halafu nadondoshea na ndani ya lile tundu la katikati. Inashuka mpaka kwenye kitundu cha pembeni, inatokea upande wa chini wa meno. Hapo kutu inashambuliwa kutoka juu na chini kwa pamoja. Usiogope oili kuingia kwenye mfumo wa breki, kwa sababu nipeli ikiwa imefungwa koni imeziba. Ila kabla ya kufungua futa vizuri, na mafuta ya kwanza yanayotoka yamwage. Oili za petroli ni sumu kwa mipira ya breki, huivimbisha.

Funika diski na pedi kwa kitambaa unapopulizia. Pedi iliyolowa oili ni ya kutupa.

Baada ya hapo, muda. Jioni unaweka, asubuhi unaongeza, mchana unaweka tena. Kama gari linatembea, weka, zungusha gari mtaani ukikanyaga breki kawaida, rudi, subiri kalipa ipoe mpaka iwe vuguvugu, weka tena. Chuma kinachopoa kinasinyaa na kuvuta oili ndani. Usipulizie kalipa ikiwa ya moto, oili hizi zinashika moto.

Halafu nyundo. Tafuta biti ya drili ambayo upande wake laini unaingia kwenye tundu la nipeli bila kucheza. Ichomeke mpaka chini, upande laini ukitangulia. Kazi yake ni kuushikilia ukuta wa nipeli kwa ndani usibonyee. Sasa kigonge kichwa cha nipeli kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, kutoka juu na pembeni pande zote. Gonga na mwili wa kalipa karibu na nipeli. Mapigo haya ndiyo yanayopasua kutu ndani ya meno na kuifungulia oili njia. Kama kuna hatua moja ambayo mafundi wengi wanairuka, ni hii.

MamaProbox:
Fundi shikamoo. Mimi si fundi ila breki za gari yangu nafanya mwenyewe nyumbani, na kaka yangu ananisaidia kukanyaga pedali. Spana gani sasa? Ninayo seti ya kawaida ya mdomo wazi na ringi. Ya nyuma kushoto ilianza kuliwa kichwa nikaacha.

FundiPwani:
Marahaba dada. Ulifanya la maana kuacha.

Spana ya mdomo wazi usiisogeze hapo mpaka nipeli iwe imeshalegea. Inashika pembe mbili tu, na mdomo wake hupanuka kidogo ukivuta. Ringi nyingi za kwenye seti zina pembe kumi na mbili ndani, nazo hushika kwenye ncha za pembe, zinakula. Nunua boksi (soketi) ya pembe sita, ndefu, ili nipeli iingie ndani yake. Magari mengi ni 8 au 10, mengine 7, 9 au 11. Pima kwanza, usijaribu ya 10 kwenye kichwa cha 9 kilichovimba kwa kutu.

Kwa hiyo iliyoanza kuliwa, isugue mpaka iwe safi, kisha jaribu boksi ya saizi moja ndogo kuliko kichwa, igongee taratibu kwa nyundo mpaka ikae. Kule kugongea tu kunasaidia kutikisa kutu. Vaisgripu, ile koleo inayojifunga, iwe ya mwisho kabisa, na ukiitumia hakikisha ile biti iko ndani ya tundu, la sivyo unaliminya bomba na likishaminywa haligeuki tena.

Mkono wa raceti uwe mfupi. Bomba la kuongezea urefu liache kwenye nati za tairi.

MzeeWaNoah:
Mkuu umeeleza vizuri, lakini hujasema unavuta upande gani kwanza. Sisi tulifundishwa kukaza kidogo kabla ya kufungua.

FundiPwani:
Mzee wangu, ndivyo hasa, nilitaka kufika huko. Kaza kidogo sana, kama unagusa tu. Lengo ni kuivunja kutu ikitoka upande ambao meno hayajaliwa. Halafu legeza. Ikisogea hata robo ya robo, usifurahi ukavuta yote. Rudisha, weka oili, fungua tena kidogo zaidi, rudisha. Unga wa kutu uliovunjika ukiachwa kwenye meno unajikusanya mbele na kukaza upya, na hapo ndipo nipeli iliyokuwa imeshaanza kutoka inakatikia katikati ya safari.

Jambo ambalo natamani kila mtu alijue ni namna mkono unavyohisi. Nipeli inayofunguka inatoa mlio mdogo wa ghafla, "tak", na inabaki pale ulipoifikisha. Nipeli inayotaka kukatika haitoi mlio. Inakuwa kama inanepa, inafuata spana kwa ulaini, na ukiachia mkono inarudi nyuma kidogo. Ukisikia kunepa huko, toa mkono hapohapo. Meno bado yameshika na shingo inajipinda. Rudi kwenye oili na nyundo, au nenda kwenye joto.

KalipaKuu:
Joto ndiyo jibu, hayo mengine ni kupoteza siku. Gesi dakika mbili, nipeli inatoka yenyewe. Nimefanya hivi miaka yote.

FundiPwani:
Mkuu, joto ni dawa kweli, sikukatalii. Ninachokataa ni joto la gesi kwenye kalipa iliyofungwa kwenye gari, ina mafuta na mipira ndani. Mafuta ya breki ya DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230. Yakishanyonya maji kiwango kinashuka sana. Ukiyachemsha yakiwa yamefungiwa ndani yanatafuta pa kutokea, na mvuke wake unashika moto. Mpira wa pistoni nao unaungua bila wewe kuuona, kalipa inarudi barabarani ikiwa nzima kwa macho, na baada ya muda inaanza kuvuja.

Kama ni lazima gesi, kalipa ishuke, pistoni itoke, mipira yote itoke, mafuta yamwagwe na ikauke. Ibane kwenye jiliwa. Moto uelekeze kwenye mwili wa kalipa kuzunguka nipeli, usiuelekeze kwenye nipeli. Tunataka nyumba itanuke, mwenyewe abaki mdogo. Kwa kalipa ya aluminiamu hili linafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, ila meno yake ni laini, usilazimishe. Ukirudisha, weka seti mpya ya mipira.

Na kuna hatari moja haizungumzwi. Dawa za kusafishia breki za kopo zipo za aina mbili, zenye klorini na zisizo nayo. Ile yenye klorini ikikutana na moto wa gesi au wa kuchomelea hutoa fosjini, gesi iliyotumika kuua watu katika vita vya kwanza vya dunia. Usipulizie dawa hiyo halafu ukawasha tochi ya gesi. Soma kopo.

Kwa aliye nyumbani bila tochi ya gesi, maji yaliyochemka yamiminwe juu ya kalipa taratibu. Nyuzi 100 haziui mipira. Si joto kubwa, lakini likifuatiwa na oili na nyundo linasogeza kazi.

KalipaKuu:
Hilo la fosjini sikuwa nalifahamu. Nakubaliana na kushusha kalipa kwanza.

PwaniKenya:
Hamjambo wenzangu, niko Mombasa. Huku kwetu kuna mafundi wanachanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu badala ya kununua oili ya kopo. Inafanya kazi? Pia nauliza kuhusu breki za dramu za nyuma, kwa sababu mekanika wangu alinikatia nipeli ya nyuma na akaniambia hakuna njia ila kununua wili silinda mpya, ile inayosukuma viatu vya breki ndani ya dramu.

FundiPwani:
Mchanganyiko huo unafanya kazi, unapenya vizuri. Asetoni inapeperuka haraka na inawaka upesi, kwa hiyo changanya kidogo unachotumia, tikisa kila mara maana havikai pamoja, na fanyia nje penye hewa. Usiuache kwenye chupa ya maji ya kunywa, watoto.

Kuhusu dramu, mekanika wako hakukudanganya. Wili silinda ni kitu kidogo, bei yake haifanani na ya kalipa, na nipeli mpya inakuja nayo. Mimi nipeli ya dramu ikikataa baada ya oili na nyundo, sihangaiki, nabadilisha wili silinda. Kwanza iliyo na nipeli iliyooza nje, mara nyingi na ndani tundu lake limeshaanza kula vikombe vya mpira. Cha kuangalia ni nati ya paipu inayoingia wili silinda. Hiyo nayo huganda, na ukiizungusha na paipu ikafuata, paipu inakunjika. Itie oili nayo siku ileile, tumia spana ya paipu ile yenye ringi iliyokatwa mdomo.

MamaProbox:
Na ikishakatika kwenye kalipa ya mbele? Kuna mtu gereji fulani alinikatia ya gari la zamani, akachimba kwa drili, kalipa ikawa inavuja milele.

FundiPwani:
Alifika kwenye kiti cha koni. Drili ikishakwaruza kiti, hakuna nipeli itakayoziba tena. Ndiyo maana kuchimba kunahitaji mtu mwenye mashine iliyosimama, si drili ya mkononi.

Kama kimebaki kipande juu, njia bora ni kuchomelea. Unaweka nati juu ya kipande, unachomelea ndani ya nati mpaka vishikane, unaacha ipoe kidogo, unazungusha kwa nati. Joto la kuchomelea lenyewe linavunja kutu, mara nyingi inatoka kwa urahisi unaoshangaza. Kalipa iwe imeshushwa na kuvuliwa mipira, kama nilivyosema. Kama imekatika ndani kabisa, kuna ekstrakta, ile skrubu ya meno ya kushoto unayoigongea kwenye tundu. Tundu tayari lipo, kwa hiyo hauchimbi sana. Lakini ekstrakta ni chuma kigumu kinachovunjika, na ikikatikia humo ndani, drili haiishiki tena. Ukiona inakaza bila kipande kusogea, simama, nenda kanunue kalipa.

Na ukienda kwenye maduka ya spea ya Shaurimoyo, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, kununua kalipa iliyotumika, beba boksi yako. Fungua nipeli mbele ya muuzaji kabla hujatoa pesa. Asipokubali, nenda duka la pili. Hakikisha pia ni ya upande wako. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto kwenye gari nyingi inaingia bila shida, lakini nipeli inakuwa imetazama chini. Upepo unapanda juu, nipeli iko chini, utapampu mpaka usiku pedali iko laini.

MswahiliToronto:
Nawasoma kutoka Kanada. Huku chumvi inamwagwa barabarani kila majira ya baridi, nipeli ambayo haikuguswa miaka mitatu tunaihesabu imekufa. Nilichojifunza huku ni kuzifungua na kuzifunga zote mara moja kwa mwaka hata kama hubadilishi kitu, na kurudisha kofia za mpira. Kofia hizo zinauzwa peke yake. Swali: mnapaka nini kwenye meno mnaporudisha?

FundiPwani:
Asante kaka, hilo la kuzigusa kila mwaka nalichukua kwa mikono miwili.

Nikifungua nipeli iliyokuwa imeganda, siirudishi. Naweka mpya. Iliyokwisha kupindwa na kugongwa ina nyufa usizoziona. Kwenye meno napaka grisi ya kuzuia kuganda, kidogo sana, kuanzia katikati ya meno kwenda juu. Kwenye koni na kitundu cha pembeni isifike kabisa. Grisi ya kawaida ya magurudumu sitaki iwe karibu na breki. Na tepu nyeupe ya mabomba ya maji haina kazi hapo. Meno ya nipeli hayazibi chochote, kinachoziba ni koni, na vipande vya tepu vikiingia kwenye mfumo vinaweza kuziba matundu madogo. Hewa ndogo unayoiona kwenye mpira wa kutolea mafuta wakati wa kutoa upepo wakati mwingine inatoka kwenye meno tu, hasa ukitumia pampu ya kuvuta, haimaanishi upepo umebaki ndani.

MzeeWaNoah:
Vijana wasome pia kwa nini tunahangaika hivi. Wengine wanasema breki inashika, upepo wa nini.

FundiPwani:
Mzee, mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa. Yakifika maji asilimia 3.7, DOT 3 inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140 tu, DOT 4 kwenye 155. Mtu anashuka mlima Kitonga wa Iringa au anashuka Lushoto kwenda Mombo, amekanyaga muda mrefu, mafuta yanachemka ndani ya kalipa, mvuke unabonyea, mguu unafika chini gari halisimami. Mjini breki hiyohiyo ilikuwa inashika vizuri. Watengenezaji wengi wanasema mafuta yabadilishwe kila miaka miwili, na huwezi kuyabadilisha kama nipeli haifunguki. Gari ambalo nipeli zake zimeganda ni gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa, hata mwenye gari akiambiwa vingine.

MamaProbox:
Nimeweka oili jana na leo, nimegonga kwa biti ndani kama ulivyosema. Ya nyuma kushoto imetoa ule mlio. Nyingine tatu zilikuwa hazina shida kubwa. Sasa naanza gurudumu lipi kutoa upepo, na kaka akanyage vipi?

FundiPwani:
Hongera sana dada. Kwa gari la usukani wa kulia, masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) iko kulia, kwa hiyo kwa kawaida unaanza ya mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio tofauti, ukiwa na kitabu kifuate.

Kaka akanyage taratibu, asifike chini kabisa. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kimzuie. Masta silinda ya zamani ina kutu na uchafu pale ambapo vikombe havijawahi kufika, vikifikishwa huko kwa nguvu vinachanika, na kazi ya nipeli inageuka kazi ya masta silinda. Yeye anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua, mafuta yanatoka kwenye mpira kwenda kwenye chupa, unafunga, ndipo anaachia. Kopo la mafuta ya breki lililo juu ya masta silinda lisikauke hata mara moja. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi hapohapo.

Ile ya nyuma kushoto, kabla hujaanza kutoa upepo, itoe uipeleke dukani ufananishe urefu, unene wa meno na umbo la koni kabla ya kununua mpya. Nipeli mbili zinaweza kuingia tundu moja na koni zake zisifike chini sawasawa.